Video Isipocheza kwenye Linux, Usikimbilie Kupiga Windows

Juzi dada mmoja wa Morogoro kaniandikia: "Kaka, shikamoo. Nimeweka Ubuntu kwenye laptopu yangu ya zamani, kila kitu kiko sawa ila video za masomo hazichezi. Firefox inasema nahitaji kodeki. Fundi wa hapa anasema nipige Windows tu, elfu ishirini. Nifanyeje?"

Marahaba dada. (Kwa msomaji mgeni: Ubuntu ni aina ya Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows; Firefox ni kivinjari cha intaneti; kodeki ni kipande cha programu kinachofungua video.) Ujumbe wako niliusoma mara tatu na kifua kikanibana, maana ugonjwa huo naujua. Mwaka 2021 ulinigharimu mteja, pesa na jina.

Wakati ule nilikuwa na kibanda Tabata. Nanunua laptopu zilizochoka, nabadilisha diski na RAM, naweka Ubuntu 20.04, nauza. Mwalimu mmoja wa sekondari alichukua moja kwa shilingi 280,000, pesa aliyoidunduliza kwa muda mrefu. Alitaka kutazama masomo ya fizikia ambayo mwenzake alikuwa anayarekodi na kuyaweka kwenye tovuti. Kabla ya kumkabidhi nilifungua YouTube mbele yake. Picha safi, sauti safi. Tukapeana mikono.

Siku ya tatu alirudi na laptopu ndani ya mfuko wa rambo. Akaifungua mezani, wateja wawili wakiwa wamesimama pale. Ukurasa wa somo ulikuwa wazi, na mahali pa video palikuwa na kisanduku cheusi chenye maandishi kwamba hakuna video ya muundo unaokubalika. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Kijana, umeniuzia kitu kibovu." Jirani yangu, naye fundi, akadakia kutoka kibanda cha pili: "Si nilikwambia uache hizo Linux zako?"

Nikaomba siku mbili.

Siku hizo mbili nilizipoteza zote. Kwanza nilifuata maelekezo ya zamani niliyokuwa nimeyahifadhi: chukua faili la libflashplayer.so, yaani Flash, programu ya zamani ya kuchezesha video kwenye tovuti, litie kwenye folda ya .mozilla/plugins, washa upya. Nililitia mara nne. Sikujua kwamba kazi hiyo ilikuwa imekwisha kabisa. Firefox iliacha programu-jalizi (vipande vya programu vinavyochomekwa kwenye kivinjari) za mtindo huo tangu toleo la 52, Machi 2017, ikaibakiza Flash peke yake. Adobe nayo ikaacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020, na Firefox 85 ya Januari 2021 ikaiondoa moja kwa moja. Mimi nilikuwa Juni, nauguza maiti.

Kisha nikaandika about:addons mahali pa anwani kwenye Firefox, nikaingia sehemu ya programu-jalizi, nikakuta OpenH264, kodeki ya kampuni ya Cisco, na maneno kwamba itawekwa muda si mrefu. Imekwama! Nikafunga Firefox, nikafuta folda ya gmp-gmpopenh264 iliyo ndani ya wasifu wangu, nikafungua tena na kubofya kutafuta masasisho. Ikashuka, ikakaa. Niliamini nimepona. Nikafungua somo la mwalimu: kisanduku kilekile cheusi. OpenH264 Firefox iliitumia kwa simu za video za moja kwa moja, zile za kuongea ana kwa ana. Faili la MP4 kwenye ukurasa lilitegemea kitu kingine. Jina limefanana, kazi tofauti.

Mwalimu alikuja, nikamrudishia pesa yake yote. Aliihesabu mbele yangu noti kwa noti.

Usiku huo ndipo nilipotulia nikaandika kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri:

dpkg -l | grep libavcodec

Haikurudi hata herufi moja. Libavcodec ndiyo maktaba ambayo Firefox kwenye Linux huiomba ifungue video za H.264, muundo unaotumika kwenye faili nyingi za MP4, nayo haikuwemo. Wakati wa kuweka Ubuntu kuna kisanduku cha kuweka tiki ili upate programu za ziada, pamoja na miundo ya video. Kinahitaji intaneti. Mimi nilikuwa nabana bando, nikakipita. Na YouTube ilinidanganya, kwa sababu huwa inatoa video zake kwa VP9 pia, muundo mwingine wa video, ambao Firefox inaufungua yenyewe bila msaada. Kipimo changu kilipima kitu ambacho hakikuwa kinaumwa.

Sasa dada, fungua terminali uandike:

sudo apt update
sudo apt install libavcodec-extra

Watu wengi watakwambia uweke kifurushi kikubwa kiitwacho ubuntu-restricted-extras. Inafanya kazi, ila inakula bando zaidi, na katikati inakuletea skrini ya masharti ya fonti za Microsoft ambayo kipanya hakiigusi. Bonyeza Tab mpaka OK iwake rangi, halafu Enter. Nimeona watu wakizima kompyuta pale wakidhani imeganda. Usizime.

Kama Ubuntu yako ni 22.04 au zaidi, Firefox inakuja kama snap, yaani kifurushi kinachojitegemea, na inaishi na maktaba zake yenyewe. Hapo anza na sudo snap refresh firefox. Na kama kinachogoma ni filamu za kulipia tu, hilo ni suala la Widevine, kipande kinachofungua video zenye DRM, yaani kufuli la kuzuia kunakili: ingia kwenye mipangilio ya Firefox, ruhusu maudhui yenye DRM, basi.

Nilipoweka libavcodec na kufungua upya Firefox, ule ukurasa ulikuwa bado kwenye historia. Nikabofya. Sauti ya mwalimu yule mwingine ikatoka: "Habari za leo, tunaendelea na mwendo." Saa nane usiku, nikalisikiliza somo zima. Asubuhi nikampigia mteja wangu. Alishanunua kwingine. Alinishukuru kwa upole, akakata simu.

Bado inaniuma. Ndiyo maana nawaambia vijana mnaoshika bisibisi: someni maneno yaliyo kwenye skrini. Firefox ilisema wazi kinachokosekana, tangu dakika ya kwanza, na mimi nikaenda kufufua Flash. Kumpigia mteja Windows ya wizi kwa sababu umeshindwa kusoma mstari mmoja ni kumla pesa yake, na mtu aliyejinyima miezi kununua laptopu anastahili fundi anayesoma.

Siku hizi nina flashi ya USB yenye kipande cha MP4 cha sekunde kumi. Hakuna laptopu inayotoka mikononi mwangu kabla sijakiburuta ndani ya Firefox na kukiona kikicheza.

Dada wa Morogoro, ukimaliza funga madirisha yote ya Firefox, fungua upya, jaribu somo lako. Likigoma, nitumie maneno ya kwenye skrini kama yalivyo, hata kama ni ya Kiingereza.