Ukifundisha huduma ya kwanza, anzia kijiweni

Anayeandaa mafunzo ya huduma ya kwanza mtaani mara nyingi hutafuta wasomi: walimu, viongozi wa vikundi, vijana wa vyuo. Mimi hufundisha watu wa kando ya barabara ya Morogoro, upande wa Chalinze, na ushauri wangu ni huu: tafuta yule ambaye ajali ikitokea saa nane usiku atakuwa pale pale. Bodaboda, mama lishe, mlinzi wa kituo cha mafuta. Gari la wagonjwa litatoka mbali. Hawa watafika kwanza, wawe wanajua la kufanya au hawajui.

Anza na usalama wa msaidizi mwenyewe. Agosti 10, 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka. Waliokufa walizidi 100. Waambie wazi kwamba likianguka lori la mafuta, kazi yao ni kuzuia watu wasisogee.

Halafu damu. Mafunzo mengi hutangulia na mdoli wa kukandamiza kifua, na ujuzi huo unaokoa watu, ila kwa majeruhi wa barabarani mimi natanguliza kuzuia damu. Nakata kipande cha godoro, nakipasua katikati, napenyeza mpira wa dripu unaotoka kwenye chupa ya juisi ya rozela iliyoinuliwa juu. Juisi inachuruzika kweli kweli. Anayejifunza anavaa glovu, anakunja kanga, anaizamisha pale penye mpasuko na kukandamiza kwa viganja vyote viwili, mikono ikiwa imenyooka. Haipiti muda anataka kuinua achungulie. Mkatazeni! Kila akichungulia, juisi inaanza upya, naye anaiona kwa macho yake. Kanga ikilowa aongeze nyingine juu yake, asiitoe ya kwanza.

Kumpakia majeruhi mshikaki kwenye pikipiki, au kumvuta mikono na miguu, mpaka leo watu wanaona ndiyo huruma. Rudieni zoezi la kumgeuza majeruhi huku kichwa, shingo na mgongo wake vikiwa mstari mmoja, mpaka wachoke.

Kuna woga ambao hakuna zoezi linaloutoa: woga wa polisi. "Nikimgusa, si nitaambiwa nimemgonga mimi?" Swali hilo sijawahi kulikosa. Usilijibu wewe. Mwalike trafiki wa eneo hilo aje akae nao kijiweni, aeleze kwa kinywa chake habari za PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, na anachotaka kutoka kwa shahidi. Mkialika na nesi wa zahanati ya jirani, usiku wa tukio watakuwa wanapiga simu kwa mtu wanayemfahamu.

Suala la posho lisemwe siku ya kwanza, mbele ya mwenyekiti wa kijiji: hakuna, au ipo kiasi gani. Wanaobaki baada ya hapo ndio wako. Na kabla hamjaagana, mtajeni kwa jina atakayenunua glovu zitakapoisha, kwa sababu zitaisha mapema kuliko mnavyodhani.