Gemu ya kuishi porini na kujijengea mji: mimi nilianza upya, na kisima

Ndugu mleta mada, umeuliza mambo mawili: gemu ya kuishi porini na kujijengea mji wako ianzie wapi, na mita za njaa, kiu na uchovu, yaani mistari ya kuonyesha hali ya mchezaji, ziwe ngapi. Niko kwenye kazi hiihii mwaka wa tatu sasa, hapa Lamu, jioni jioni nikishatoka kwenye kibarua cha mchana. Natumia Godot, programu ya kutengenezea gemu, kwa kuwa ni ya bure na kompyuta yangu ni ya zamani. Nitakujibu kwa yale niliyoyapitia.

La mita ni fupi: moja au mbili zatosha, na zisionekane mpaka hali iwe mbaya. Gemu yangu ya kwanza ilikuwa nazo sita. Mchezaji hakuwa na haja ya kutazama bahari wala msitu, alikuwa akitazama mistari pembeni mwa skrini inavyopungua. Halafu kila nilichokitia humo nilikuwa nimekiona kwenye gemu za watu: theluji, mbwa mwitu, misonobari. Binamu yangu wa Siyu aliicheza nusu saa, akaniuliza, "Kaka, hapa ni wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa. Wiki ile niliifuta yote.

Iliyonionyesha njia ni gemu iitwayo UnReal World. Sami Maaranen wa Ufini aliitoa mara ya kwanza mwaka 1992, na imeendelezwa miaka yote tangu hapo. Ameweka humo maisha ya watu wa kale wa nchi yake: mitego, ngozi, nyama ya kukausha, kibanda cha magogo, na kipupwe kinachokuja uwe umejiandaa au hujajiandaa. Njaa imo, lakini mtu hushindwa kwa sababu ya jambo ambalo hakulifanya miezi mitatu nyuma. Nikajiuliza, kwetu ni kitu gani kinachomhamisha mtu kwake?

Maji. Ukivuka kutoka Lamu kwenda kisiwa cha Manda utakuta magofu ya Takwa, msikiti na kaburi lake la mnara. Inasimuliwa kuwa visima viligeuka chumvi, watu wakahamia Shela ng'ambo ya pili. Na Shela yenyewe inaishi kwa vilima vya mchanga: mvua inazama mchangani, maji matamu yanakaa juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi. Ukiteka kwa pupa, chumvi inapanda kutoka chini.

Basi gemu yangu mpya ilianza na kisima tu, kabla hata ya mchezaji kuwa na miguu. Kila kisima kina namba mbili: unene wa maji matamu, na kiasi cha chumvi. Mvua inaongeza unene, ndoo inapunguza. Ukivuka kiwango, chumvi inapanda haraka na kushuka inachukua masika nzima. Hakuna maandishi ya kukuonya. Mche wa mpapai ulio karibu unaanza kunyauka majani, punda anakunywa kidogo anaacha. Mchezaji akishaharibu kisima kimoja, anajifunza kujenga jabia: anasakafia eneo la kukinga mvua kwa chokaa, maji yanateremkia kwenye tangi la chini. Lakini chokaa inataka mawe ya matumbawe yachomwe, kuchoma kunataka kuni za mikoko, na mikoko inataka chombo na maji yaliyojaa. Kisima kimoja kimenizalia gemu nzima. Ndiyo maana nakushauri usianze na orodha ya vitu vya kutengeneza.

Sasa saa. Gemu nyingi za aina hii zina saa moja, ya mchana na usiku. Wazee wa pwani walikuwa na hesabu mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni ya jua: siku zinahesabiwa tangu Nairuzi, yaani mwaka mpya wa jua, kumikumi, kila kumi ni mwongo, na kwa hiyo mtu anajua kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, inaingia lini, kusi, ule wa kutoka kusini, lini, mbegu ziwekwe tayari lini. Ya pili ni ya mwezi, ambayo ndiyo ya maji: bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu; maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, katikati. Hesabu hizi mbili hazilingani, na hapo ndipo penye utamu. Kuna mwaka bamvua nzuri inaangukia upepo mzuri, kuna mwaka unasubiri.

Kwenye msimbo si kazi kubwa. Chukua mawimbi mawili ya sine, moja la saa 12.42, ambalo ni la mwezi, na jingine la saa 12 kamili, ambalo ni la jua, nalo kimo chake kiwe nusu ya kimo cha la kwanza. Yajumlishe. Yakienda pamoja unapata bamvua, yakipingana maji mafu, na mzunguko unarudi kila siku 14.77 bila wewe kuandika kitu kingine. Mimi siku moja ya gemu ni dakika 24. Mwaka wa siku 365 ungekuwa mrefu mno, nikaufanya siku 120, yaani miongo 12. Mwezi sikuugusa. Nilipojaribu kuufupisha, maji yalikuwa yanakimbia na hakuna aliyeweza kuyazoea.

Faida yake utaiona Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara. Chombo kinapita maji yakiwa yamejaa, yakipwa unakwama kwenye tope. Mchezaji aliyepakia boriti zake akachelewa kidogo analala pale, na usiku ule anatafuta kaa, anasikia mbu. Sikuandika tukio lolote, ni maji tu.

Upepo ulinishinda mpaka nilipomwita mjomba wangu, nahodha wa siku nyingi. Alimtazama mchezaji wangu akielekea kusini wakati wa kusi, tanga limejaa, chombo kimenyooka. Akasema, "Mwanangu, huyu mbona habishi? Kwa upepo huu angekwenda upande kwa upande mpaka jioni." Akanionyesha kwa viganja jinsi foromali, mti unaoshika tanga, inavyogeuzwa. Nilikuwa nimetia kasi ya upepo nikasahau upande. Kuandika upya kubisha, yaani kwenda upande kwa upande dhidi ya upepo, kulinichukua miezi miwili, na sasa ndiyo sehemu watu wanayoipenda kuliko zote. Ukiwa na mzee anayeijua kazi, mkalishe mbele ya skrini mapema, usingoje gemu iishe.

Shamba nimelifanya dogo, bara, mahindi na kunde. Kinacholitia uzito ni nyani na ngiri: mazao yakikomaa, lazima ulale kwenye ulingo, na ukilala ulingoni huwezi kwenda baharini. Kusi ikichacha bahari haiingiliki, unaishi kwa ng'onda, samaki uliowaanika, na mahindi yaliyo uchagani juu ya moshi. Aliyecheza kaskazi nzima akila samaki wabichi tu huwa analia hapa.

Kuhusu ukubwa, jihadhari. Eric Barone aliifanya gemu ya shamba ya Stardew Valley peke yake zaidi ya miaka minne kabla haijatoka 2016, na alikuwa akiishughulikia kutwa. Wewe na mimi tuna jioni. Nilikuwa na ramani ya kutoka Lamu hadi Kiwayu, nimebakisha Shela, Manda na kipande cha bara. Nilisikitika kuiacha Pate, lakini ilikuwa inanila.

Hukusema unatoka wapi. Rudi hapa utuambie kwenu watu wanateka maji wapi, na yakikauka wanakwenda wapi. Ukishaliandika hilo nitakuwekea msimbo wa kisima uubadilishe.