Kabla ya kuomba ruzuku, uliza serikali imebeba hatari ipi

Vijana wanaobuni vifaa vya nishati huniuliza sana: nitapataje pesa za serikali? Huwajibu kwa kuwauliza: serikali imekubali kula hasara wapi, ili wewe usiile? Ukipajua hapo, umejua pa kuanzia.

Nimelielewa jambo hili nikiwa Nakuru, ambako kampuni yetu ndogo hufunga pampu za jua na mashine za kukausha nafaka, na ambako jotoardhi, yaani joto la chini ya ardhi linalotoa mvuke wa kuzalisha umeme, ni jirani yetu. Tazama Olkaria, eneo la visima vya jotoardhi karibu na Naivasha. Visima vya kwanza vilichimbwa miaka ya 1950 na havikutoa mvuke wa kutegemewa. Kazi ikaanza upya miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ukawashwa 1981. Benki gani ingengoja muda wote huo? Kuchimba kisima kimoja ni mamilioni ya dola, na mvuke usipopatikana pesa zimezikwa ardhini. Ndiyo sababu mwaka 2008 serikali ya Kenya iliunda GDC, kampuni ya umma ya kuchimba, kuthibitisha kwamba mvuke upo, kisha kuwauzia wenye mitambo. Huko Menengai, karibu na mji wa Nakuru, uchimbaji wa GDC ulianza 2011. Kampuni tatu za binafsi zilipewa nafasi ya kujenga mitambo ya megawati 35 kila mmoja, zinunue mvuke na kuiuzia umeme Kenya Power, kampuni inayowasambazia wateja umeme. Mtambo wa kwanza, wa kampuni ya Sosian, uliingia kwenye gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa, 2023.

Hesabu miaka hiyo, 2011 hadi 2023. Hatari ya kisima kikavu ilibebwa na serikali, na kwa maoni yangu hakuna jambo bora zaidi ambalo serikali yetu imelifanyia teknolojia ya nishati. Lakini gharama ya kungoja aliibeba pia mwekezaji. Kampuni kubwa inaweza kungoja. Wewe mwenye mafundi wachache na kodi ya karakana huwezi, kwa hiyo tafuta kazi ya kuingiza pesa huku ile ndoto kubwa ikiendelea kuiva. Sisi pampu za jua ndizo zilizotulisha.

Hapo hapo Menengai, GDC iliweka miradi ya majaribio ya kutumia joto la ardhini moja kwa moja: kuchemsha maziwa, kupasha joto vibanda vya mimea, kufuga samaki, hata kufua nguo. Nawasihi mkaione. Mkulima aliyeona kwa macho yake hahitaji kushawishiwa tena, na hiyo ni kazi kubwa ambayo umma umeshakulipia. Ila jaribio linathibitisha tu kwamba kitu kinafanya kazi. Halikupi mteja, wala bei ambayo benki itaikubali kwa miaka ya mkopo wako. Ukikutana na maofisa, usitoke bila kujua mambo mawili: bei itapangwa na nani, na mkataba utatiwa saini na nani. Ukijibiwa kwamba sera bado inaandaliwa, shukuru, uweke jina lako kwenye orodha ya watakaotoa maoni, na usikope hata shilingi kwa kutegemea sera hiyo.

Angalia pia kipande cha njia kilicho nje ya uwezo wako. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 na megawati 310, ulikamilika 2017. Laini ya kuutoa umeme huo hadi kituo cha Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikuwa jukumu la serikali, na haikuwa tayari hadi 2018 baada ya mkandarasi wa kwanza kufilisika. Waliojenga mitambo hawakuzama kwa sababu mkataba ulisema watalipwa fidia laini ikichelewa. Mzigo huo uliwarudia wananchi, na hilo linaniuma. Lakini kwa mwenye biashara funzo liko wazi: kila ahadi ya serikali unayoitegemea iwe na tarehe, na iandikwe nini kitatokea tarehe hiyo ikipita.

Kodi nayo hubadilika. Mwaka 2020 sheria ya fedha iliondoa msamaha wa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kwa vifaa vya jua. Mwaka 2021 ukarudishwa. Kilichotuokoa ni sentensi moja kwenye karatasi zetu za bei: bei hii ni kwa kodi iliyopo leo. Iweke kwenye yako.

Sasa ruzuku yenyewe. Nyingi siku hizi hulipwa baada ya matokeo. Hata KOSAP, mpango wa kufikisha umeme wa jua katika kaunti 14 zilizoachwa nyuma, uliopata dola milioni 150 za Benki ya Dunia mwaka 2017, ulikuwa na fungu la namna hiyo kwa kampuni za jua. Maana yake unanunua vifaa, unasafirisha, unafunga, mkaguzi anakuja, ndipo unalipwa. Naiunga mkono njia hii kwa moyo wote, kwani pesa ya umma haipaswi kulipia mitambo ya kwenye karatasi. Ila mtaji wa kuvukia hapo katikati uutafute mapema. Barua ya kukubaliwa ipeleke kwa mkopeshaji siku ile ile unayoipata, na fanya hesabu yako kana kwamba malipo yatachelewa miezi sita. Kuna mpango mmoja tuliowahi kuufanyia kazi ambao malipo yake yalichelewa kweli, na hesabu hiyo ndiyo iliyotuwezesha kulipa mishahara.

Kama unaanza mwaka huu, shughulikia kwanza viwango vya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na leseni za mafundi wako kutoka EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, hata kabla ya kuandika ombi lolote. Dirisha la ruzuku linaweza kufunguliwa kwa wiki chache tu, na upimaji wa kifaa hauwezi kuharakishwa kwa sababu yako.