Re: Ngoma yangu niiite aina gani, na niitoe bure?

Mambo mkuu. Umekwama kwamba ngoma yako ina zeze juu ya biti la singeli, fomu inataka aina moja ya muziki, halafu hujui uigawe bure ama uiuze. Cheki kwanza aliyepiga hilo zeze mmekubaliana nini, bure yako isije ikawa hasara yake. Aina weka ile msikilizaji ataitafuta, basi, hapa Tanga kundi la Black Star walishaingiza gitaa la umeme kwenye taarab na ikabaki taarab. Bure mi nilitoa, nikatupia faili Whatsapp bila jina, ikapigwa mpaka harusini Pongwe nami nipo nakula pilau hakuna anayenijua 😅. Andika jina ndani ya faili, kasajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, ndo ugawe. Bandcamp, ule mtandao wa kuuzia muziki, unaweka bei sifuri, anayetaka kulipa analipa.