Mwenzako Ameona Chui, Wewe Bado Unauliza Yuko Wapi

Kama umewahi kuingia mbuga ya Ziwa Nakuru hii kitu unaijua. Gari imesimama, injini imezimwa, watu wote wanaangalia mgunga mmoja, na kuna mtu atasema "nimemwona!" hata kabla dereva hajamaliza kuonyesha, mwingine anachukua dakika moja hivi, halafu kuna yule atakodoa macho mpaka machozi yatoke na bado haoni kitu, mwishowe anasema huu ni uongo, hakuna chui hapo. Mimi kazi yangu ni kuendesha wageni na kuwaonyesha wanyama, na huyu wa mwisho ndiye namwandikia leo, yeye pamoja na wale wamekaa naye kwa gari wakimcheka. Inaniuma sana nikisikia mama wa watu akiambiwa na mzee wake mbele ya watoto, ati wewe hata kitu kiko mbele yako hukioni. Ananyamaza, na safari yake imeharibikia hapo.

Huyo mama hana shida yoyote. Kutoa umbo moja katikati ya fujo ya maumbo mengine ni jambo ambalo binadamu hatulingani kabisa, na wataalamu wamelifuatilia karibu miaka mia moja sasa. Mjerumani mmoja, Kurt Gottschaldt, mwaka wa 1926 alichora michoro ambayo umbo rahisi limefichwa ndani ya mchoro mkubwa wenye mistari mingi. Baadaye Mmarekani Herman Witkin akaichukua hiyo michoro, akaiongeza rangi ili izidi kuchanganya, na 1950 akatoa mtihani wake: unaonyeshwa umbo, linaondolewa, halafu unalitafuta ndani ya mchoro huku muda unahesabiwa. Kuna wale wanalichomoa mara moja na kuna wale muda unaisha bado wanatafuta. Witkin huyo huyo alikuwa anaweka watu kwenye chumba cha giza, mbele yao fremu inayong'aa ambayo imeinamishwa, ndani yake fimbo, anawaambia waisimamishe fimbo wima. Wengine waliinamisha fimbo kufuata fremu na kwa macho yao ikawa wima kabisa, wengine fremu haikuwababaisha. Na wale walioshikwa na fremu, mara nyingi ndio hao hao waliochelewa kupata umbo lililofichwa.

Kwa hivyo kuna watu picha nzima huwa inawashika kwa nguvu, na kuna watu wanaivunja vipande bila hata kujua wanaivunja. Uta Frith na Amitta Shah kule London walionyesha 1983 kwamba watoto wenye usonji (autism) waliufanya mtihani wa aina hii vizuri kuliko watoto wengine waliolinganishwa nao, na hao ni watoto ambao mara nyingi jamii inawahesabu kama hawawezi kitu. Halafu mazoea na malezi pia yana sehemu yake. Mtafiti John Berry mwaka wa 1966 alilinganisha Watemne wa Sierra Leone ambao ni wakulima na Wainuit wa kisiwa cha Baffin kule Kanada ambao ni wawindaji, na kwa kutafuta umbo lililofichwa Wainuit waliwashinda mbali. Mimi hiyo inaniingia akilini kabisa, juu mtu akikulia mahali chakula chake ni kitu kidogo kilichojificha kwenye theluji, macho yake yatazoea tu.

Sasa tuje kwa ushauri wenyewe.

Cha kwanza, usitafute chui. Najua inasikika vibaya lakini nisikilize. Chui unayemjua wewe ni yule wa kalenda, uso mzima, macho yanakuangalia, na huyo humpati juu ya mti. Tafuta mkia. Matawi ya mgunga yanapanda juu, gome lake ni la manjano ya kijani, jua likipita kwenye majani linaacha madoa madoa kila mahali, kwa hivyo madoa ya chui hapo hayakusaidii, yanakuangusha kabisa. Lakini mkia unaning'inia chini wima, na ncha yake imejikunja kidogo na upande wa chini ni mweupe. Kwenye mti ambao kila kitu kinapanda, kitu kinachoning'inia wima ndicho cha kuuliza maswali. Ukishapata mkia, ufuate polepole kwenda juu, utapata mguu umelala upande mmoja wa tawi, halafu mgongo, na ghafla chui mzima anajijenga hapo mbele yako. Ndiyo sababu asubuhi kabla ya kuondoka huwa nawaonyesha wageni picha kwa simu, picha mbaya mbaya, chui nusu amefichwa na majani. Mtaalamu wa ndege kutoka Uholanzi, Luuk Tinbergen, aliandika kwenye kazi yake iliyotoka 1960 kwamba ndege wanaokula wadudu hujifunza sura ya mdudu fulani, na wakishaishika wanampata kwa urahisi hata akijificha. Sisi pia tunafanya hivyo, ila lazima sura unayoibeba kichwani iwe ile utakayokutana nayo.

Cha pili ni kwa wewe ambaye umeshaona. Ukishaona umbo huwezi tena kutoliona, na hapo ndipo uvumilivu unapotea, maana unasahau sekunde kumi zilizopita hata wewe uliona majani tu. Usipige kelele "pale! pale!" ukinyoosha kidole, kidole chako kinaelekea chui ukiangalia kutoka kwa jicho lako, kwa jicho la aliye nyuma yako kinaelekea mti mwingine kabisa. Na mambo ya kuelekeza kwa saa achana nayo, anayehesabu saa kwa Kizungu saa tatu yake iko kulia, na anayehesabu kwa Kiswahili yake iko kushoto. Anza na kitu kikubwa ambacho kila mtu anakiona, kwa mfano ule mti mkavu ulioachwa na maji ya ziwa, kutoka hapo mti wa pili kulia, shina limegawanyika mara mbili, fuata la kushoto mpaka tawi la kwanza nene. Kila hatua ngoja mtu aseme "nimefika". Akikwama, badilishaneni kiti, au dereva asogeze gari kidogo tu, majani ya mbele yanahama na mnyama anabaki, na hapo wengi wanaona. Chui akitikisa sikio kufukuza inzi ndiyo kabisa. Darubini nayo usimpe mapema, aone kwanza kwa macho matupu mahali pa kuangalia, halafu ainue darubini bila kutoa macho pale.

Kuna kitu kingine watu hawakijui. Karibu wanaume 8 kwa kila 100 wenye asili ya Ulaya wana shida ya kutofautisha nyekundu na kijani, na utafiti wa 1992 ulionyesha watu wenye upungufu wa kuona rangi wa aina hii wanaweza kuona umbo lililofichwa kwa rangi ambalo sisi wengine linatupita. Kwa hivyo mgeni akikwambia haoni rangi vizuri, usimwache nyuma, mwulize anaona nini.

Nyumbani nako ni vivyo hivyo. Wale watoto wanaopewa picha ya kutafuta wanyama waliofichwa, mmoja anamaliza wote, mwenzake bado anakusimulia nyumba, mto na nani anaenda wapi. Huyo wa pili usimwite mjinga, mfunikie nusu ya picha kwa karatasi, atafute kidogo kidogo. Lakini kama mtoto anakosa hata vitu vikubwa, anasogea karibu na ubao, anafunga jicho moja akisoma, hilo ni jambo lingine, mpeleke kwa daktari wa macho mapema, kwa sababu jicho vivu, yaani jicho moja ambalo ubongo haulitumii vizuri, linatibika vizuri zaidi akiwa bado mdogo.