Namba ya difu kwa anayevuta trela na pikapu ya dizeli

Ndugu zetu wengi wanaoingia kwenye kazi ya kuvuta trela hapa Marekani huniuliza kwanza habari za injini. Wanataka kujua kama Cummins ya pikapu za Ram inaishinda Duramax ya General Motors (GM), au kama Power Stroke ya Ford inafaa. Jibu langu ni lilelile kila mara: zote tatu zina nguvu ya kutosha. Uliza namba ya difu. Pikapu mbili zinazofanana kwa rangi, injini na bei zinaweza kutofautiana sana mlimani kwa sababu ya namba hiyo tu, na muuzaji hataitaja mpaka umuulize.

Aliyekulia karibu na gereji anaijua difu, lile boksi la gia lililo katikati ya ekseli. Ndani yake kuna krauni, gia kubwa inayozungusha tairi, na pinioni, gia ndogo inayoizungusha krauni. Gawa meno ya krauni kwa meno ya pinioni, ndiyo namba yenyewe: 41 kwa 12 ni 3.42, 41 kwa 11 ni 3.73, 41 kwa 10 ni 4.10. Yenye 3.73, propela shafti, yaani mhimili unaotoka giaboksi kwenda difu, huzunguka mara 3.73 ili tairi izunguke mara moja. Namba ikiwa kubwa, tairi inasukumwa kwa nguvu zaidi, na injini inazunguka haraka zaidi kwa mwendo uleule.

Kutokana na hilo utasikia watu wakisema mwenye mzigo mzito achukue 4.10 na mwenye safari ndefu achukue 3.42. Mimi ushauri huo hunitosheleza kidogo sana, kwa kuwa haumwambii mtu injini yake itakuwa wapi akishafunga trela na kushika barabara kuu. Piga hesabu. Zidisha maili kwa saa kwa 336, zidisha kwa namba ya difu, zidisha kwa namba ya uwiano wa gia uliyomo (si nafasi yake, ya tano au ya sita), kisha gawa kwa kipenyo cha tairi kwa inchi. Unapata raundi za injini kwa dakika.

Chukua Ram 3500 ya tairi mbili-mbili nyuma, zile za 2013 hadi 2018, ambazo zilitoka kiwandani na 3.42, 3.73 au 4.10. Tairi zake za 235/80R17 zina kipenyo cha inchi 31.8 hivi. Giaboksi yake otomatiki ya kawaida, 68RFE, ina gia ya sita yenye uwiano wa 0.625. Kwa maili 65 kwa saa, yaani kilomita 105 hivi, difu ya 3.42 inaiweka injini kwenye raundi 1,470. Ya 3.73 inaiweka kwenye 1,600, na ya 4.10 kwenye 1,760.

Sasa tazama Cummins ya lita 6.7 inapotolea nguvu yake kubwa ya kuzungusha: ni kati ya raundi 1,600 na 1,800 hivi, kutegemea mwaka. Mwenye 4.10 yumo ndani ya eneo hilo akiwa gia ya sita. Mwenye 3.73 yuko ukingoni, na kilima kidogo tu kinamtoa. Mwenye 3.42 yuko chini yake tangu barabara ikiwa tambarare, kwa hiyo akiwa na mzigo wa kweli, giaboksi itashuka gia ya tano, itapanda ya sita, itashuka tena, mchana kutwa. Huko kupanda na kushuka ndiko kunakopasha moto mafuta ya giaboksi. Na ukiilazimisha injini ibaki gia ya juu huku ikilemewa, joto la ekzosi linapanda wakati pampu ya maji inazunguka polepole. Hali hiyo siipendi hata kidogo kwa injini ninayotaka inilishe miaka mingi.

Mtu atasema, si ashuke tu gia ya tano akae humo? Anaweza, na mara nyingi ndiyo busara. Gia ya tano ya 68RFE ni 0.816, na kwa 3.73 inaipeleka injini raundi kama 2,090 kwa maili 65. Inavuta vizuri, ila kelele zinaongezeka na mafuta yanakwenda. California hali inageuka, kwa sababu sheria ya huko haimruhusu anayevuta trela kuzidi maili 55 kwa saa. Kwa mwendo huo, 3.73 kwenye gia ya sita inashuka hadi raundi 1,355, ambayo ni chini mno kwa mzigo, lakini gia ya tano inakupa 1,770, pazuri kabisa. Pikapu ileile na trela ileile, lakini jimbo limebadilisha gia unayoishi nayo.

Kwa hiyo anza na njia zako. Anayezunguka kati ya Dallas na Houston hana haja na 4.10 kama trela haizidi tani saba. Anayepanda barabara kuu ya I-70 kutoka Silverthorne kuelekea Eisenhower Tunnel, Colorado, anakutana na mwinuko wa asilimia 7 hadi kwenye handaki lililo mita zipatazo 3,400 juu ya usawa wa bahari. Huko ningechukua 4.10 bila kusita, na sababu kubwa kwangu ni kushuka kuliko kupanda. Breki ya ekzosi, inayoziba moshi ili injini yenyewe ilizuie gari, hufanya kazi vizuri zaidi raundi zikiwa juu, na difu ya namba kubwa huongeza nguvu ya kuzuia inayofika kwenye tairi. Aliyewahi kushuka Kitonga na mzigo hahitaji kuelezwa thamani ya hilo. Usisahau upepo pia: I-80 ya Wyoming ina sehemu ndefu za tambarare, lakini upepo wa mbele na trela refu lenye kuta vinaifanya injini ifanye kazi ya mlimani.

Hesabu hii ina uzito mkubwa zaidi kwenye giaboksi za gia sita. Kwenye gia kumi mambo yamelegea. Kwa miaka mingi Duramax ziliuzwa na 3.73, mwaka 2020 GM walipoleta giaboksi ya Allison ya gia kumi kwenye pikapu zao kubwa walishusha difu hadi 3.42, na uwezo wa kuvuta ukapanda. Gia zikiwa karibu-karibu, injini hupata mahali pazuri karibu kwa kila mwendo. Hata hivyo, Ford wanaendelea kuuza 4.10, na 4.30 kwenye F-450, pamoja na giaboksi yao ya gia kumi. Uzito unaoruhusiwa kuvuta hutofautiana kwa namba ya difu, kwa hiyo soma jedwali la mwaka wa gari lako, usisome tangazo.

Ukinunua iliyotumika, usimwamini mtu kwa mdomo. Tumia namba ya chasisi kupata orodha ya vifaa vilivyotoka kiwandani. Kama difu imewahi kufunguliwa, inua tairi zote mbili za nyuma, zungusha zote pamoja mzunguko mmoja kamili, na hesabu propela shafti imezunguka mara ngapi. Angalia na tairi: aliyetoa za inchi 33 akaweka za 35 kwenye difu ya 3.73 amebaki na nguvu ya 3.52.

Kubadilisha difu kunawezekana, lakini gari la 4x4 linabadilishwa mbele na nyuma pamoja, kwa namba ileile, na kompyuta lazima iambiwe namba mpya ili spidi isomeke sawasawa. Tafuta fundi anayepima nafasi kati ya meno kwa kipimo chenye saa, si kwa kutikisa kwa mkono. Akimaliza, safari za mwanzo ziwe fupi, difu iachwe ipoe kila mara, na usifunge trela kwa maili 500 za kwanza. Kisha mwaga mafuta yale ya difu na uweke mapya kabla ya kupokea mzigo.