Mama anataka kwenda kwa Malaika Mikaeli, lakini magoti yake?

SWALI: Shikamoo mama. Mamangu ana miaka 68, Mkatoliki wa hapa Mikindani, na maisha yake yote ameuza samaki. Tangu asikie habari za pango la Malaika Mkuu Mikaeli kule Gargano, Italia, hana usingizi. Sisi watoto tumemchangia nauli, nami ndiye nitakayemsindikiza. Wakala anasema Gargano siku moja yatosha: kwenye kaburi la Mtakatifu Padre Pio asubuhi, pangoni mchana, jioni tunarudi Roma. Ninahofia magoti yake. Na je, kuna jingine la kumwonyesha huko?
Binti wa Mikindani

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo wakala mkatalie. Mimi mara ya kwanza nilipelekwa hivyo hivyo. Tulifika Monte Sant'Angelo, mji wenye pango hilo, saa nane mchana, na saa tisa haijatimia dereva ashaanza kupiga honi. Nilishuka pangoni, nikapiga ishara ya msalaba, nikapanda. Nilikuwa nimeweka akiba miaka minne kwa ajili ya dakika ishirini. Nililia ndani ya basi.

Mara ya pili nilikwenda na dada yangu, tukalala huko huko mlimani siku mbili. Nanyi fanyeni hivyo. Mji uko kama mita 800 juu ya usawa wa bahari, na jioni upepo wake hauna mchezo hata mwezi wa Mei, kwa hiyo mama abebe sweta nzito na soksi. Sasa sikiliza habari ya magoti. Ukishafika juu ya mlima, kanisa lenyewe liko chini: unaingia mlangoni halafu unashuka ngazi 86 za mawe. Watu huogopa kupanda, kumbe goti bovu linaumia zaidi wakati wa kushuka. Nendeni asubuhi mapema kabla mabasi hayajafika, ashike mkongojo mkono mmoja na wewe mkono wa pili, na kila anapotaka kusimama, simameni. Mkilala hapo hapo hakuna wa kuwapigia honi.

Ngazi zikiisha mtakuta milango ya shaba iliyotengenezwa Konstantinopoli mwaka 1076. Ndani ni jabali tupu juu ya vichwa vyenu. Mapokeo yanasema Mikaeli alitokea hapo mwishoni mwa karne ya 5, akamwambia askofu asihangaike kuliweka pango wakfu kwani yeye mwenyewe ameshaliweka. Ndiyo maana mpaka leo wanasema hakuna mkono wa mwanadamu ulioliweka wakfu kanisa hilo.

Mwonyeshe mama viganja. Mahujaji wa zamani walikuwa wakiweka mkono juu ya jiwe na kuuchora kwa ncha ya chuma, kidole kwa kidole. Kimoja nilikiinamia kwa muda mrefu: kidogo, vidole vimetanuliwa, cha mtoto au cha mwanamke mwembamba. Jina hakuna. Dada yangu aliweka kiganja chake karibu nacho bila kugusa, akanyamaza mpaka tulipotoka.

San Giovanni Rotondo, alikozikwa Padre Pio, ipe siku yake peke yake. Si mbali, basi lipo, na kanisa jipya lililofunguliwa mwaka 2004 halitamtesa, maana sehemu ya chini hufikiwa kwa njia ya mteremko. Epukeni tarehe 8 Mei, 23 Septemba na 29 Septemba. Ni sikukuu, na mwenye magoti mabovu atasukumwa. Wiki ya pili ya Oktoba ni nzuri.

Kisha umenigusa uliposema mama ni muuza samaki. Mpeleke Lesina, mwanangu. Kaskazini mwa mlima kuna ziwa la pwani, refu zaidi ya kilomita 20, lililotengwa na bahari kwa ukanda wa mchanga na kuunganishwa nayo kwa mifereji. Maji yake ni kama ya hori yenu ya Tudor, chumvi kidogo na tope chini, ila mikoko hakuna, kuna matete. Kina hakifiki mita mbili, kwa hiyo mashua ni bapa na zinasukumwa kwa pondo! Nilisimama pale nikadhani niko nyumbani. Wanavua mkizi, na wanavua mikunga, wale samaki kama nyoka, kwa nyavu zilizosimamishwa kama uzio, zikiishia kwenye mtego mrefu ambao samaki akiingia hatoki. Mama akiuona atasema ni ndugu wa dema. Mzee mmoja alitoa mkunga ndooni kwa mkono uliopakwa mchanga, maana kwa mkono mtupu huteleza. Mnyama mweusi mgongoni, tumbo linang'aa kama fedha. Akatueleza kwa mikono kwamba wakiwa na rangi hiyo wamekomaa, na usiku wa giza na dhoruba hutoka kwenda baharini kuzaa, mbali kabisa, upande wa pili wa Atlantiki. Siku hizi wamepungua sana, na uso wake ulionyesha.

Basi za kwenda Lesina ni za kubahatisha. Kodini gari lenye dereva kutoka Foggia, ambako pia ndiko treni ya Roma itawashusha.

Viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya pamoja na Italia, mwombe mapema. Maombi hupokelewa hadi miezi 6 kabla ya safari, ada ni euro 90, na mama lazima afike mwenyewe kwenye kituo cha maombi kwa alama za vidole. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi.

Na kwenye mkoba acheni nafasi ya mkate wa Monte Sant'Angelo. Ni mkubwa kama ungo mdogo, ganda gumu, na hukaa siku nyingi bila kuharibika. Sisi tuliula Mombasa, na chai ya tangawizi, na majirani wakapata kipande kila mmoja.